Bei ya Kukaa na Bei ya Kukimbia

Kila nyumba ya Bunia ina bei mbili, na namjua mtu mmoja tu aliyekuwa na ukaidi wa kuziandika zote mbili. Kwa Kiswahili cha vitabu angeitwa mthamini: yule anayetumwa na benki kwenda kulitazama jengo la mfanyabiashara ukuta kwa ukuta, kisha aandike lina thamani gani, ili benki ijue kama mwenyewe anakopesheka. Sisi tulimwita Papa Expert. Jina lake la ubatizo nalijua, maana nimelichapa chini ya saini yake mara nyingi kuliko jina langu, lakini hata leo nikilitamka naona kama namsema mtu mwingine.

Mimi nilikuwa mchapaji wake. Nilikuwa na kichumba chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa pale Boulevard, kompyuta moja, printa moja yenye kikohozi, na kibao nilichokiandika kwa mkono kuwaambia watu kwamba hapa tunachapa na kutoa kopi. Waliniita Mama Mashini. Kila ripoti aliyoiandika kwa kalamu kwenye daftari la shule ilipita kwenye vidole vyangu, kwa miaka mingi. Ndiyo maana najiona nina haki ya kumweleza. Ndiyo maana pia nimekawia, kwa sababu siwezi kumweleza bila kufika siku ile niliyomharibia, na kila nikiikaribia nainuka, nachemsha chai ambayo siinywi. Kwa muda mrefu nilitaka kujua jambo moja tu: je, alijua?

Nitazunguka kwanza. Yeye mwenyewe hakuingia katika jengo lolote kabla ya kulizunguka mara mbili.

Bei ya kwanza aliiita bei ya kukaa. Ni ile ambayo wathamini wote wanaiandika: ukubwa wa kiwanja, matofali, mabati, umbali kutoka sokoni, kodi ya mwezi. Ya pili aliiita bei ya kukimbia. Ni kile ambacho jengo hilohilo lingeleta siku ambayo mji umeamka vibaya kwa milio ya bunduki, watu wamefunga mizigo, na mwenye nyumba amebakiwa na saa moja ya kupata chochote mkononi. Mtu wa mji mwingine angedhani ni mzaha. Wa Bunia hahitaji kuelezwa. Wengi wetu tumewahi kufunga godoro kwa kamba mchana kweupe.

Namna ya kuipata bei hiyo aliibuni mwenyewe. Akimaliza kupima alikwenda kwa majirani watatu, wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Anasalimia, anauliza habari za watoto, habari za mvua, kisha anasema, "Kama leo kuko mbio, na huyu jirani yako anakuya hapa, anakuambia nunua nyumba yangu, weye utamupatia nini?"

Watu walicheka. Nilikwenda naye mara moja, kwa mama mmoja muuza unga nyuma ya dépôt fulani, ghala la bidhaa, naye alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu uso wake ukaanza kufanya hesabu, na kicheko kikaisha chenyewe. Akatupa jicho nyuma yake, kuona kama mwenye dépôt hayuko karibu.

"Gunia mbili ya bunga, Papa," alisema kwa sauti ya chini. "Na atanishukuru."

Papa Expert aliandika. Kisha alikaa na majibu yake matatu, akayageuza kuwa dola, akachukua la katikati. Ripoti nzima ilikuwa kwa Kifaransa, kama benki zinavyotaka, isipokuwa mstari huo wa mwisho. Huo aliuacha kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, jirani hakumjibu kwa Kifaransa. Mara kwa mara mtu wa benki kule Kinshasa alipiga simu kuuliza huo mstari wa chini una maana gani. Papa Expert alimweleza polepole kama anayemweleza mtoto wa katekisimu.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaika na majirani wenye mifuko mitupu. Si angewauliza matajiri?

"Tajiri siku ile iko tayari Uganda," alisema. "Mwenye kubaki hapa kununua ni jirani. Hakuna mwingine." Alisema kwa ukali, nikadhani nimemkosea adabu, nikarudi kwenye mashini yangu.

Mjini ilisemwa kwamba yeye mwenyewe aliuza nyumba yake siku ya mbio, akala hasara, na ndiyo sababu ya ukaidi wake. Sijui nani alianzisha habari hiyo. Iliaminika kwa sababu ilikuwa inafaa, na yeye hakuikana kamwe. Akiambiwa "pole, Papa" kwa ajili ya nyumba hiyo, aliangalia viatu vyake.

Viatu vyenyewe vilikuwa buti za mpira, kiangazi na masika, na juu yake tai. Tai haikukosekana hata siku za kupanda juu ya paa. Alipima kwa mita ndefu ya chuma nje, na ndani kwa kitambaa cha kupimia cha fundi nguo, kwa sababu, alidai, chuma kinadanganya kwenye pembe. Sijui kama ni kweli. Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, aliyoyasema kwa uhakika mpaka ukaona aibu kubisha. Hakunywa soda wala maji katika nyumba anayoipima, hata jua liwe la kuchoma utosi. Kisha akaja kwangu akanimalizia karanga zangu zote bila kuomba, huku akinigombeza kwamba zina chumvi. Katika ripoti hakukubali sentimita moja ya uongo. Katika mchezo wa dame, ule wa vifuniko vya chupa, aliiba mchana kweupe: alikuuliza habari za mama yako, ukigeuza uso kifuniko kimehama. Nilimkamata mara kadhaa. Alicheka kwa furaha kubwa na kusema mchezo si jengo.

Na nyumba yake. Nilifika huko mara chache kumpelekea karatasi. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma upande wa Nyakasanza, yenye mlango wa mbele wa mbao ngumu ambao sikuwahi kuuona wazi. Yeye, wageni, hata mchungaji wake, wote walizunguka na kupita jikoni. "Bawaba imeshika kutu," alisema nilipouliza. Mtu aliyeweza kumwaibisha mfanyabiashara kwa bawaba moja yenye kutu! Nikajisemea, mganga hajigangi, nikacheka njia nzima.

Habari ya mwenye hoteli mmoja ndiyo inayoonyesha alivyosongwa. Bwana huyo aliazima vitanda na mapazia kwa siku moja ya ukaguzi, ili vyumba vionekane vimejaa. Papa Expert aliingia chumba cha tatu, akalala kitandani na buti zake, akasinzia kabisa, karibu nusu saa, huku wapagazi wakingoja mlangoni kuvirudisha vitanda kwa wenyewe. Alipoamka alisema, "Kitanda iko muzuri. Mwenye kitanda ni nani?" Mwingine alijaza dépôt yake makatoni mpaka darini. Papa Expert alinyanyua moja kwa kidole kidogo.

Hao walikuwa wa kuchekesha. Wengine hawakuchekesha. Walimletea mbuzi nyumbani, naye aliwachukia mbuzi kama watu wengine wanavyochukia nyoka. Walimpigia simu kanisani. Wakala wa benki mwenyewe, kijana mwenye shati safi ambaye kazi yake ilikuwa kulinda fedha za benki, ndiye aliyempigia zaidi kuliko wote: mteja ni mkubwa, dossier, yaani jalada la mkopo, inangojwa, kiasi kinachotakiwa ni hiki, tafadhali Papa usitushushe. Hakuna aliyesema "danganya." Walisema "saidia." Walisema "elewa." Na wote, wa benki na wa nje ya benki, walichoka na ule mstari wa Kiswahili.

"Papa, toa hiyo ligne tu," nilisikia mteja mmoja akimbembeleza mlangoni pangu. "Inaleta mukosi."

"Haileti," alijibu. "Inakumbusha."

Kisha walikuja wathamini wapya, vijana wa simu. Unawatumia picha sita asubuhi, jioni wanakutumia ripoti yenye rangi na jedwali, na bei inayokupendeza. "Bale banafanya mu siku moja, na simu tu," wateja walimwambia. Alijibu, "Basi siku ya kuuza, bauzishe kwa simu." Alikuwa na msemo wake, kwamba haraka ya mwenye nyumba ndiyo ufa wa kwanza. Kama nyumba ni nzima, alisema, mwenyewe anakuacha uitazame. Lakini niliona kazi zikipungua. Daftari moja lililokuwa likijaa kwa mwezi sasa lilichukua msimu. Tai ilianza kuchakaa ukingoni, naye akaikunja ili pasionekane.

Sasa nimefika. Nilijua nitafika.

Jengo nililopanga lilikuwa la mtu tuliyemwita Patron, mfanyabiashara wa saruji na mabati, ghorofa mbili, dépôt nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Familia yangu ilipohama kutoka Butembo yeye ndiye aliyenipa kichumba kile chini ya ngazi bila kunidai kodi ya miezi ya mwanzo. Watoto wangu wamesoma kwa kichumba kile. Mwaka ule mzigo wake ulikuwa umekwama mpakani upande wa Mahagi, na benki ilimwahidi mkopo kama ripoti ya jengo ingekuwa mezani Ijumaa. Wakala wa shati safi alimchagua Papa Expert kwa sababu Kinshasa bado walikuwa wakiiamini saini yake.

Papa Expert aliomba siku tano. Walimpa mbili. Alifanya kazi ya siku mbili kama mtu anayekula chakula cha moto. Alipanda paa, alipima, alikwenda kwa majirani watatu. Ijumaa asubuhi aliniachia daftari na kwenda upande wa pili wa mji kupima kitu kingine, akisema saa sita atarudi kutia saini. Bei ya kukaa ilikuwa nzuri. Patron angeridhika nayo. Bei ya kukimbia ilikuwa kitu kidogo sana, kidogo mpaka nilirudia kukisoma. Majirani walikuwa wamesema kweli: ghorofa ni kitu cha mwisho ambacho mtu anataka siku ya mbio. Huwezi kuibeba, na inaonekana kutoka mbali.

Nilichapa yote. Patron aliingia wakati printa inakohoa ukurasa wa mwisho. Aliusoma amesimama.

"Mama, hii ligne ya nyuma, toa."

"Patron, siwezi. Ni ya Papa Expert."

"Nimeongea na mutu ya banki. Amesema bila hiyo, krediti inapita leo leo. Na hiyo, inarudi Kinshasa, banaanza kuuliza. Mali yangu itaoza kule."

"Mungoje mwenyewe, iko anakuya saa sita."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliinua mkono akagonga ubao juu ya kichwa changu, mara moja. "Hii ngazi," alisema, "ni ya nani?"

Nilijiambia mambo mengi kwa dakika ile. Nilijiambia kwamba benki yenyewe imetaka. Kwamba wathamini wote duniani wanaandika bei moja na hawalali njaa. Kwamba mzee ataona na atakataa, basi lawama itakuwa yake, siyo yangu. Hili la mwisho ndilo lililonisogeza mkono. Nilifuta mstari. Ni kazi ya kufumba jicho. Nilichapa ukurasa upya, na ule wa kwanza nikauchana vipande vidogo, nikavitia chini ya sinia la karanga.

Alirudi saa sita na nusu, buti zimejaa vumbi jekundu. Gari la Patron lilikuwa nje linanguruma, na simu ya mzee ilikuwa ikiita mfukoni bila kukoma. Sasa, mtu huyu alikuwa na desturi. Alisoma ripoti yote kwa kidole, mstari kwa mstari, na akifika kwenye ule wa Kiswahili aliugonga kwa ukucha mara mbili, tap tap, kisha ndipo anafungua leso na kutoa kashe, mhuri wake. Siku ile alivaa miwani, akasoma. Kidole kilishuka. Kilifika chini ya ukurasa wa mwisho, palipokuwa na weupe, kikasimama.

"Imeisha, Mama?" aliuliza.

"Imeisha, Papa."

Aliniangalia. Kisha akafungua leso, akapiga kashe, akatia saini. Hakugonga ukucha. Patron alichukua karatasi mkononi mwake wino ukiwa bado mbichi.

Mnaoishi huku mnajua kilichofuata, maana hakikumfuata Patron peke yake. Mbio zikarudi, na barabara ya Iga Barrière, ile ya kwenda Mahagi, ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Magari yakasimama. Waliokuwa na ndugu mbali waliwatafuta, na Patron alikuwa na ndugu mbali. Aliondoka asubuhi moja na ufunguo wa dépôt. Benki ikabaki na ghorofa mbili ambazo hakuna aliyezitaka hata kwa zawadi. Kinshasa wakafungua makabati, wakaweka ripoti zote za Papa Expert mezani, na wakaona kwamba katika zote kulikuwa na ule mstari, isipokuwa katika hii moja. Mthamini wa simu angesamehewa, maana hakuna anayemtegemea. Yeye hakusamehewa. Walimwondoa kwenye orodha yao, na benki nyingine zikafuata.

Mjini walisema amekula hongo. "Ule muzee naye? Kumbe bote ni bamoja." Nililisikia hilo mbele ya mashini yangu, kutoka kwa mteja aliyekuwa akingoja kopi, nami nikampa kopi zake na chenji yake. Kila nikisimulia jambo hili natamani nimeze ulimi nikifika hapa, kwa sababu kufuta mstari kulinichukua dakika moja, lakini kule kunyamaza kulikuwa kazi ya kila siku, na niliifanya kwa bidii.

Alikuwa na daftari. Angeweza kulifungua mbele yao: tazameni mwandiko wangu, mstari upo, muulizeni Mama Mashini. Hakulifungua. Alipita kwangu mara moja tu baada ya hapo, akala karanga, akasema, "Siku hizi sina kazi ya kuchapisha," akaenda. Niliangalia mgongo wake mpaka ukaingia katika watu. Alijua? Hakujua? Kama hakujua, ni mzee aliyechoka, niliyemfanyia hila. Kama alijua, basi kwa nini? Benki ilipofunga jengo kwa kufuli, kichumba changu nacho kilikwenda, ngazi na yote. Nikahamia kibarazani karibu na soko, na hata furaha ya kusema "nilifanya kwa ajili ya watoto" ikaniponyoka.

Zikapita masika kadhaa. Nikiona buti za mpira sokoni nilibadilisha njia.

Halafu alasiri moja mtu wa taksi ya pikipiki alisimama kibarazani pangu. Papa Expert anaomba nije na mashini, ana karatasi moja ya kuchapa. Nilifika Nyakasanza nimeikumbatia kompyuta kifuani, na nikamkuta amechuchumaa mbele ya nyumba, kwenye ule mlango usiofunguliwa, ana chupa ya mafuta na unyoya wa kuku. Alikuwa akipaka bawaba. Alikuwa amekonda, lakini tai ilikuwepo.

"Zunguka," alisema, "pita jikoni."

Nilizunguka. Alinifuata polepole, akakaa kwenye kigoda kando ya sufuria, akangoja niwashe mashini. Sikungoja aanze. Nilijijua: nikichelewa nitachapa karatasi yake na kwenda.

"Papa, ile ligne ya ghorofa ya Patron. Niliitoa miye."

"Nilisoma," alisema.

Ndivyo tu. Nilianza kulia, tena kwa hasira, sijui hasira kwa nani. "Sasa kwa nini ulisaini? Juu ya nini haukuniita muongo mbele yao?"

Alijikuna goti. "Simu ilikuwa inalia. Mutoka ilikuwa inanguruma. Nilikuwa nachoka, Mama, ile pia ni kweli, usinifanye mutakatifu. Lakini nikakuangalia uso. Uso ya mutu ya kukimbia naijua. Nikasema, huyu ananiuzishia ligne yangu kwa bei ya kukimbia, na hana pa kwenda. Nikanunua." Akafuta mafuta ya bawaba kwenye vidole. "Ilikuwa mara ya pili kununua vile."

Kisha akaniambia nichape, na akanisomea bila daftari, kwa Kiswahili chote, tangu juu hadi chini. Jengo la kukaa watu, matofali ya kuchoma, vyumba vinne, mlango wa mbele wa mbao ngumu. Mahali pa jina la mwenye nyumba alitaja jina la mtu mwingine. Nikainua uso.

"Andika tu," alisema. "Alikuwa jirani yangu ya kulia. Nyumba yangu ilikuwa pale, ile yenye mabati ya zamani. Siku ya mbio alikuya kwangu asubuhi, akasema nunua. Nilimupatia baskili yangu na redio. Baskili haikuwa na breki, na nilijua. Aliweka batoto mbili juu, akaanza kusukuma. Alinipatia ufunguo ya ule mulango, Mama. Akaniambia aksanti."

Niligeuka kuutazama ule mlango.

"Andika. Bei ya kukimbia: baskili moja bila breki, redio moja. Jirani mwenye kununua, andika jina yangu."

Niliandika. Alieleza mengine wakati nachapa, kwa maneno machache. Jirani hakurudi, alifia mbali. Mmoja wa wale watoto wawili wa baiskeli sasa anauza samaki Mahagi-Port. Alikuwa ameipata namba ya mzee, hakudai kitu, aliuliza tu kama nyumba ya baba yake bado imesimama. Mzee alimwambia aje aione. Angefika juma lililofuata. Alitaka aikute karatasi mezani.

"Na bei ya kukaa?" niliuliza. Nilikuwa nimeacha nafasi.

"Wacha vile. Ile ataandika mwenyewe."

"Na weye, Papa, utakaa wapi?"

"Kuko chumba ya kukodisha kwa mwenye mabati ya zamani," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Nitakuwa jirani."

Hapo kazi yangu ilikuwa imeisha, betri ilikuwa imebaki kidogo, na ningeweza kufunga mashini. Nilifungua ukurasa mwingine. Nilichapa tarehe ya ile Ijumaa, jengo la Patron, na bei yake ya kukimbia, kile kiasi kidogo sana ambacho sikuwahi kukisahau. Chini yake nikaandika kwamba mstari huu ulikuwa katika daftari la mthamini, kwamba aliyeufuta ni mimi, nikaweka majina yangu yote matatu. Nilimwambia kesho nitatoa nakala, moja kwa benki, moja nitaibandika kibarazani pangu, juu ya kibao cha kopi, waisome wale wote waliosema amekula.

"Banki ilishafunga ile dossier," alisema.

"Basi bafungue."

Alivuta mashini karibu, akavaa miwani, akasoma kwa kidole kwenye kioo. Aliona kosa moja, nilikuwa nimeandika ghorofa tatu badala ya mbili, akanigombeza kwamba mtu anayetaka kusema kweli ahesabu kwanza. Nilirekebisha. Alishuka tena mpaka chini, kwenye mstari. Akaugonga kwa ukucha mara mbili.

Kisha alinisindikiza. Mlango wa mbele ulikuwa umeshapakwa mafuta kwa ajili ya yule wa Mahagi-Port, ungefunguka kwa kidole kimoja, lakini tulipita jikoni, mimi na yeye, tukazunguka.